Mzee Opicho, Karani Aliyezifuata Kadi Tisa

Tarehe 31 Desemba 1998, Mzee Patrobas Opicho, karani wa rejista wa Kliniki ya Meno ya Bondeni hapa Shauri Moyo, atastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu kwa miaka ishirini na minane na miezi kumi na mmoja. Yeye mwenyewe husema ni miaka ishirini na tisa, nasi tumechoka kubishana naye. Sherehe ya leo, Ijumaa tarehe 18, imeandaliwa bila ruhusa yake. Angeulizwa, angesema kwanza aachwe amalize kupanga kadi za herufi N.

Mimi, Lenah Ayuma, muuguzi wa chumba namba mbili, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi jirani naye miaka kumi na minne, tukitenganishwa na pazia moja la kijani. Nimeambiwa niandike mazuri tu. Nitajaribu.

Mzee Opicho hakuja hapa kutafuta kazi ya ofisi. Alikuja kutengeneza kiti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Malakisi, fundi wa masanduku ya bati kule Kamukunji, na kiti cha daktari kilikuwa kimegoma kupanda. Alikigonga mara tatu, akakitia grisi, kikapanda. Daktari mkuu wa wakati ule akamwambia arudi Jumatatu, tarehe 2 Februari 1970, akiangalie na kiti cha pili. Amekuwa akirudi tangu siku hiyo. Alianza kama fundi, akawa mtunza stoo, na mwaka 1979, mwandiko wake ulipoonekana kwenye orodha ya pamba na glavu, akahamishiwa rejista. Hakuna aliyewahi kuuona mwandiko nadhifu namna ile ukiandika neno pamba.

Wageni wetu wanaomjua kama mzee mpole wa dirishani wavumilie nikisema kidogo kuhusu tabia zake. Mzee Opicho hutia vijiko vinne vya sukari kwenye chai, ndani ya kliniki ya meno, na kopo la sukari hulificha nyuma ya bango linaloonyesha jinsi sukari inavyoyaozesha meno. Mwaka 1996 tuliletewa kompyuta. Alifundishwa kuitumia siku mbili, akashukuru sana, kisha akaifunika kwa kitambaa cheupe alichofumiwa na mkewe, akaendelea na kitabu chake. Vijana wa mtaani wakimsalimia niaje, yeye hujibu kwamba hajambo, mkewe hajambo, watoto hawajambo na mvua imenyesha vizuri Malakisi. Siku hizi wanamsalimia kwa kupunga mkono tu.

Pia ana sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Kati ya Juni 1990 na Desemba 1991, kliniki yetu ilipata mradi wa kuwapandikiza meno watu arobaini wa mitaa hii waliokuwa na mapengo. Kwa wasiojua, jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ndogo ya titani inayozamishwa kwenye taya. Zile za mradi wetu zilikuwa zimepakwa ganda jembamba la madini yanayofanana na ya mfupa, ili mfupa wa mgonjwa uzishike upesi. Na kweli ulizishika. Mwaka mmoja baada ya kupandikizwa, meno yote arobaini yalikuwa imara. Swali lililobaki, ambalo mradi mzima ulikuwapo kwa ajili yake, ni kama yangekuwa imara hivyo baada ya miaka sita au saba, au ganda lile lingekuja kutuaibisha.

Njia moja ya kupima ni kuligonga jino kwa mpini wa kioo cha daktari. Lililoshikwa na mfupa hulia kwa sauti kali na safi. Lililolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Daktari Mumin Jimale, msimamizi wa mradi, alikuwa akigonga ndani, na Mzee Opicho, aliyezoea kugonga bati miaka kumi, alikuwa ameshaandika matokeo nje ya pazia kabla daktari hajatamka neno. Daktari alimkataza. Alimkataza tena. Mwishowe alianza kumuuliza.

Basi mwishoni mwa mwaka 1997 tuliwaita wagonjwa wote waje kupimwa kwa ajili ya ripoti. Walikuja thelathini na mmoja. Thelathini kati yao walikuwa na meno imara, mmoja lake lilikuwa limetoka. Tisa hawakuja. Fomu ya mradi ilisema waziwazi kwamba mgonjwa asiyeleta malalamiko ahesabiwe kuwa jino lake ni zima, kwa hiyo daktari, aliyetakiwa kutuma ripoti kabla ya mwisho wa Machi, alijaza thelathini na tisa kati ya arobaini. Sote tulifurahi. Kulikuwa na soda.

Mzee Opicho hakufurahi. Kadi tisa hazikuwa na muhuri wa mwaka ule, na yeye alisema kwa upole kwamba hawezi kuipiga muhuri kadi ya mtu ambaye hajamwona. Daktari alimweleza kuhusu fomu. Mzee alisema fomu haikukosea, lakini na yeye ana muhuri mmoja tu. Daktari alimkumbusha kwamba wafadhili wangeamua kwa ripoti hiyo kama mradi uendelee, na kwamba kazi ya rejista, yaani kazi ya Mzee Opicho mwenyewe, ililipwa na mradi huohuo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Mtu mwenye akili angekaa kimya, akanywa soda yake, akahesabu miezi. Badala yake alifunga zile kadi kwa uzi, akazitia kwenye mkoba, na kuanzia wiki ya pili ya Januari akawa anaondoka kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa miguu, kuzifuata.

Tulimcheka, nakiri. Kadi ya kwanza ilikuwa ya seremala anayekaa hatua mia mbili kutoka lango letu, na jino lake lilikuwa zima kabisa, ila mtu mwenyewe ni mvivu. Ya pili ilimpeleka Kaloleni na ya tatu Makongeni, ambako yeye mwenyewe anaishi, na meno yote mawili yalilia safi. Tukamwambia amejichosha bure na viatu vyake vinadai mapumziko. Alijibu kwamba viatu ni vyake.

Kadi ya nne ilikuwa ya Bi Nabalayo.

Bi Nabalayo anafunga sabuni kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area na anaishi Mukuru kwa Reuben. Mvua za El Niño zilikuwa bado hazijauachia mtaa ule, na Mzee Opicho alifika kwake akiwa na matope hadi kwenye magoti. Alipokewa vizuri mno. Aliletewa maji ya kuoshea miguu, akaletewa chai, akaletewa mahindi ya kuchemsha. Alisalimiwa kwa lugha ya kwao na kuulizwa habari za watu wa Malakisi mmoja mmoja. Lakini mama mwenyewe alizungumza na pindo la leso likiwa mdomoni, na mahindi hakuyagusa.

Mzee alimwomba amwonyeshe jino. Bi Nabalayo alianza kulia na kumwomba msamaha. Alisema ni kweli, alikosea, alikula muwa Krismasi ya mwaka 1995 alipokwenda nyumbani, na baada ya miezi michache jino likaanza kucheza. Alijua kosa ni lake. Ufizi ulivimba, ukatoa usaha, yeye akawa anasukutua kwa maji ya chumvi na kumeza dawa za dukani, karibu miaka miwili, akifunga sabuni mchana na kulalia shavu moja usiku. Hakurudi kliniki kwa sababu aliona aibu. Aliona haya hasa mbele ya Mzee Opicho, kwa kuwa ndiye aliyemwonya.

Hapa inabidi nieleze lile onyo, na nilieleze nikiwa nimeinamisha kichwa, maana sote tulilipenda. Kila mgonjwa wa mradi alipomaliza matibabu alipita dirishani kuchukua kadi, na hapo Mzee Opicho alimpa hotuba. Alimwambia kwamba daktari amemaliza kazi yake na jino lile halina kasoro. Likija kulegea, basi mwenyewe atakuwa amefungulia soda kwa meno, au ametafuna muwa, au ametafuna mifupa kama mtu asiye na kwao. Alisema hayo akitikisa kidole, kwa mikogo yote ya Malakisi, na mgonjwa akaondoka akicheka. Tulikuwa tunaacha kazi ili tusikilize. Watu arobaini walikwenda nyumbani na hotuba ile, na kila mmoja aliiamini.

Siku ile alirudi kutoka Mukuru saa kumi jioni na hakunywa chai. Kwa sisi tunaomjua, hiyo ilitosha. Alimpita kila mtu, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Jimale, akamuuliza kama muwa unaweza kulegeza jino la kupandikiza.

Daktari alimweleza ukweli. Muwa wa Krismasi moja hauling'oi jino lililoshikwa na mfupa. Alichokuwa akikihofia yeye tangu mwanzo ni lile ganda. Likianza kumomonyoka au kubanduka miaka inavyokwenda, wadudu huingia kati ya skrubu na mfupa, na mfupa hurudi nyuma taratibu. Mgonjwa anaweza kuwa hajafanya kosa lolote duniani. Mzee Opicho alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilikwenda kukaa karibu naye. Hakulia, lakini alikuwa ameshika magoti kwa mikono yote miwili, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mgonjwa.

Bi Nabalayo aliletwa siku iliyofuata. Ile skrubu ilitolewa na taya ikasafishwa, na daktari alisema kwamba nusu mwaka zaidi ungeondoka na kipande cha mfupa wa taya. Mzee Opicho aliomba ruhusa ya kuingia kabla mgonjwa hajachomwa sindano ya ganzi. Alimwomba radhi mama yule, mbele yetu, akiwa amevua kofia. Alimwambia kwamba hakukosea kitu, na kwamba aliyekosea ni yeye karani. Mwanamke yule alikuwa amebeba lawama ya muwa kwa miaka miwili, na ilimchukua muda kuamini kwamba ameruhusiwa kuiweka chini.

Baada ya hapo hakuna aliyemcheka tena akiondoka na mkoba.

Zilibaki kadi tano. Job, kinyozi wa Dandora, alikuwa na hakika kwamba jino lake lilitolewa na chupa ya Fanta kwenye arusi ya dada yake, na alikuwa amejifunza kucheka bila kufungua mdomo, jambo gumu kwa kinyozi wa Dandora. Watatu wengine walikuwa na visa vyao vya mifupa na miwa, kila mmoja na dhambi yake aliyoikumbuka kwa tarehe.

Na wa mwisho alikuwa Bi Halimo, muuza vitambaa wa Eastleigh. Kwa huyu namtetea Mzee Opicho, maana kosa la kadi yake ni langu. Bi Halimo hakuwahi kurudi, lakini kila Idi alimtuma binti yake Kawsar na sahani ya sambusa na salamu kwamba mama hajambo. Mimi nilipokea sahani, nikala sambusa zangu nne, nikafungua kadi ya Bi Halimo na kuandika anaendelea vizuri. Nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Kumbe jino lilikuwa limetoka mwaka 1994, na skrubu yenyewe alikuwa ameihifadhi kwenye kikopo cha vifungo, akingoja siku atakapopata ujasiri wa kuirudisha, kwa kuwa ni kitu cha watu na alipewa bure. Zile sambusa zilikuwa za kuomba radhi. Katika kliniki hii nzima, mimi ndiye pekee niliyewahi kupima jino kwa kula sambusa, na Mzee Opicho, Mungu ambariki, hajanitania kwa hilo zaidi ya mara moja kwa wiki.

Hesabu ikawa hivi. Katika wale tisa, watatu walikuwa na meno imara, na sita yametoka au yamelegea. Ukiongeza yule mmoja wa mwanzo, meno yaliyoshindwa yalikuwa saba. Matokeo ya kweli ya mradi wetu yalikuwa thelathini na matatu kati ya arobaini.

Daktari Jimale aliirarua karatasi ya kwanza na kuandika nyingine. Hilo lilimgharimu, nataka lijulikane, kwa sababu alikuwa ameipenda ile thelathini na tisa. Mzee Opicho aliomba jambo moja liongezwe. Alitaka ripoti iseme kwamba wagonjwa ambao meno yao yalishindwa hawakurudi kwa sababu ya maneno waliyoambiwa na karani walipokuwa wakiondoka. Daktari alisema hakuna haja. Mzee alisema hapigi muhuri bila hiyo sentensi. Ipo ukurasa wa sita, na chini yake pana saini yake, kwa mwandiko ule nadhifu. Ripoti iliondoka tarehe 27 Machi.

Tulikaa miezi mitatu bila jibu. Mzee Opicho alianza kubeba vitu vyake nyumbani kidogo kidogo, leo kalamu, kesho kikombe, akidhani hatumwoni. Jibu lilipokuja lilisema kwamba skrubu zenye ganda la aina ile zisipandikizwe tena hapa kwetu, na kwamba wote arobaini wapimwe kila miezi sita, kwa miaka mingine mitano, na kwamba kazi ya kuwafuata majumbani ilipiwe kama kazi rasmi ya rejista. Kikombe kilirudi kesho yake. Barua tulizopata baadaye kutoka kliniki nyingine hazikuuliza sana juu ya wale thelathini na watatu. Ziliuliza wale tisa walipatikanaje.

Hotuba ya dirishani ilibadilika. Siku hizi kila mgonjwa, hata aliyekuja kuzibwa tundu dogo, huambiwa na Mzee Opicho kwamba likiuma arudi, likicheza arudi, likitoka arudi nalo, na hataulizwa amekula nini. Hatikisi kidole. Si hotuba ya kuchekesha, na watu wanarudi.

Nilipanga kumalizia hapo, nimsifu kidogo kisha tule. Lakini kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na Mzee wetu anaomba Mungu nisilitaje. Mgonjwa namba kumi na tatu katika rejista ya mradi ni Patrobas Opicho mwenyewe. Alipandikizwa Septemba 1990, jino la tatu kutoka nyuma, upande wa kulia. Yeye ni mmoja wa wale thelathini na watatu.

Mzee, tunajua.

Tangu Oktoba unatafunia kushoto. Mkate unauchovya kwenye chai mpaka unakatika, na mahindi ya kuchoma umeyaacha ukisema daktari wa tumbo amekukataza, wakati huna daktari wa tumbo. Siku wafanyakazi walipopimwa ulikuwa na barua ya haraka ya kupeleka posta. Kadi yako haina muhuri wa Oktoba, wa zamu ya kwanza ya vipimo vile vya miezi sita, na hii ndiyo kadi pekee katika kabati lako isiyo nao. Tunadhani tunajua na sababu. Hutaki kuondoka ukiwa umempunguzia daktari hesabu. Daktari mwenyewe ameniruhusu niandike hapa kwamba thelathini na mbili ni hesabu nzuri tu kwake, ila ya kubahatisha hataki tena, na kwamba amekasirika kidogo.

Kwa hiyo jina lako lipo katika rejista, kwa mwandiko wangu mbaya, wa kwanza Jumanne tarehe 5 Januari 1999, saa mbili asubuhi. Tunakushukuru kwa miaka hii yote, ishirini na tisa tukubali yaishe. Asante kwa watu uliowatafuta. Tunakuombea pumziko refu pamoja na mama, shamba lenye neema na mwili wenye afya. Bi Nabalayo, ambaye yupo nasi leo katika kiti cha mbele, ameomba akabidhiwe kadi namba kumi na tatu, naye tayari ameuliza njia ya kwako Makongeni. Usipofika saa mbili, saa tatu atakuwa mlangoni.